Niliyoyasoma Kwenye Sare za Wanangu

Mwaka jana, kati ya Februari na Aprili, nilimchapa mwanangu wa kati mara nne kwa kosa la kuchana kaptula ya shule. Alikuwa na miaka 9, yuko darasa la tatu, mtoto ambaye hata wakati wa kula mguu wake mmoja uko nje ya mkeka, na mimi mama yake ni fundi cherehani ninayeshona sare za watoto wa mtaa wetu hapa Morogoro. Niliona haya mwanangu kupita barabarani na nguo iliyopasuka, kwa kuwa mteja huwatazama watoto wa fundi kabla ya kumkabidhi kitambaa chake. Kwa hiyo kila aliporudi na tundu nyuma ya kaptula sikumhoji sana. Nilichukua fimbo, nikamkumbusha bei ya kitambaa, na usiku watoto walipolala nikaketi kwenye cherehani nikaziba haraka haraka ili asubuhi apate cha kuvaa.

Mara ya tano umeme ulikuwa umekatika. Sikuweza kushona gizani, nikaiacha kaptula juu ya meza ya kukatia mpaka kulipopambazuka, na kwa mara ya kwanza nikautazama ule mpasuko kwenye mwanga wa jua. Nguo inayombana mtoto hufumuka kwenye mshono: uzi ndio unaokatika, kitambaa kikabaki kizima. Nguo ya mtoto anayeteleza kwenye mawe au kuta husagika kwanza, nyuzi zikawa nyembamba na kupauka, ndipo itoboke. Mpasuko wa mwanangu haukuwa wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Ulikuwa na pembe, mstari mmoja ukishuka na mwingine ukienda pembeni, katikati ya kitambaa kizima, upande wa kulia. Nilipoigeuza kaptula ndani nje nikakuta viraka vyangu vinne vya awali vimerundikana mahali pale pale, hakuna kilichompita mwenzake kwa zaidi ya inchi moja. Kitu kinachochana nguo kwa namna hiyo ni msumari.

Nilimwamsha nikamuuliza anakaa wapi darasani. Akaniambia kwamba kwenye dawati lao wanakaa watatu, yeye ni wa mwisho upande wa ukutani, na ubao wa kukalia una msumari uliochomoza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa mshangao kidogo, akajibu, "Nilikwambia, mama. Siku ya kwanza. Ukasema nikae vizuri."

Nilikumbuka. Nilikuwa na sare za watu sita za kumaliza siku ile, na maneno hayo niliyatamka bila kuinua macho kwenye cherehani. Mtoto alikuwa amenieleza ukweli, nikamjibu kwa amri, na baada ya hapo akaona hakuna faida ya kueleza tena. Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti ili macho yetu yalingane, nikamwambia kwamba nimemkosea, na kwamba zile fimbo nne hazikuwa haki yake. Yeye alitaka kujua kama atachelewa shule.

Baba yao ni dereva wa lori la masafa marefu kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na siku hiyo alikuwa safarini, kwa hiyo nyundo niliibeba mwenyewe. Mwalimu wa darasa alinipokea kwa heshima na hakuona kwamba nimekuja kumlaumu. Tulipekua madawati ya safu ile tukakuta misumari mingine mitatu ya namna hiyo, tukaigongomea yote watoto wakiwa paredi. Wapo wazazi wengine waliokuwa wanawachapa watoto wao kwa misumari hiyo hiyo. Wawili kati yao ni wateja wangu, na walipoleta kaptula kuzibwa niliwaonyesha alama ya pembe.

Sitaki kujitetea, ila nieleze kwa nini kaptula ilikuwa na uzito mkubwa namna ile nyumbani kwangu. Tangu mwaka 2016 shule za msingi za serikali hazina ada wala michango ya lazima, na hilo lilitupunguzia mzigo sisi wenye kipato kidogo, lakini sare, viatu, madaftari na begi vimebaki juu ya mzazi. Ninaiona hesabu hiyo kila Desemba na Januari, wazazi wanapopanga foleni kibarazani kwangu wakiwa na kitambaa cha mtoto mmoja na watoto watatu wa kuvishwa. Kwa mzazi wa namna hiyo, kaptula si nguo tu, ni mali ya mwaka mzima. Nami nilikuwa nikiwaza vivyo hivyo, hadi mali ikawa mbele na mwenye kuivaa akawa nyuma.

Baada ya mambo hayo nilijiwekea utaratibu ambao bado ninaufuata. Kila jioni, kabla nguo hazijalowekwa, ninazishika moja moja na kuzitazama: pindo, mifuko, kwapa, kola, mahali pa kukalia. Kazi hiyo huchukua dakika tano kwa watoto wote watatu, na imenifundisha mambo ambayo wanangu wasingeweza kuyasema kwa maneno, ama kwa kukosa maneno yenyewe, ama kwa kunionea huruma wakiona nimechoka.

La kwanza ni kukua kwenyewe. Mtoto wa shule ya msingi ambaye hajaanza kubalehe hurefuka kwa kawaida sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, yaani inchi mbili na ushee. Ndiyo maana kila sketi na kila kaptula ninayoikata ninaiachia pindo la inchi tatu, na kwenye mshono wa nyuma wa kiuno ninaacha inchi moja kila upande ili nguo iweze kupanuliwa. Pindo linaposhushwa, kitambaa kilichokuwa kimejificha hutokea na buluu yake mbichi, wakati sehemu nyingine yote imepaushwa na jua na sabuni, na hapo katikati hubaki mstari unaoonyesha kimo cha mtoto kilipokuwa mwaka uliopita. Baba yao hupima kwa njia yake: kila arudipo safari huwasimamisha kwenye fremu ya mlango na kuchora alama kwa mkaa, na nimemwona zaidi ya mara moja akibaki pale amekodolea macho ile nafasi kati ya alama mbili, akihesabu safari alizokuwa hayupo.

Mtoto anayerefuka hula, na kuhusu chakula sina mengi ya kueleza: dona, maharage, dagaa, mchicha, na matunda ya msimu ambayo hapa kwetu hayana shida. Nilichobadilisha ni saa ya kula. Zamani nilikuwa nikipika chakula kikubwa cha usiku, watoto wakirudi shule saa 9 alasiri wanasubiri, na muda huo wote ulikuwa wa ugomvi na kulia. Siku hizi wakifika wanakuta viazi vitamu au ugali wa mchana uliofunikwa, wanakula kwanza, na mambo mengine yote yanafuata. Ugomvi mwingi niliouita utovu wa adabu ulikuwa njaa.

Kwa mwanangu wa kati kulikuwa na suala jingine, la mwendo wake. Msumari ulipokwisha kugongomewa, kaptula ziliendelea kuchanika, mara hii kwenye mshono wa msamba, kwa sababu anapanda miembe na anaruka mitaro. Safari hii nilijua kwamba hiyo ni mipasuko yake halali. Mhudumu mmoja wa kituo cha afya, niliyekuwa namshonea gauni, alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka au kucheza mpaka mapigo ya moyo yaende mbio, na kwamba mtoto anayekaa kwenye dawati tangu asubuhi anarudi nyumbani akiwa na deni la mwili. Nilipofikiria maneno hayo niliona kwamba muda wote nilikuwa nikimwambia "tulia" saa ile ile ambayo mwili wake ulikuwa unadai haki yake.

Nilifanya mambo matatu ya kifundi. Kwenye msamba wa kaptula zake ninaweka kipande cha kitambaa chenye pembe nne badala ya kukutanisha mishono mahali pamoja, na mshono wenyewe ninaupiga mara mbili. Kaptula ya namna hiyo hustahimili hata mwembe. Nilimshonea kaptula mbili za kuchezea kutokana na mabaki ya vitambaa, na sheria ya nyumbani ni kwamba sare huvuliwa kabla ya chandimu. Tena mabaki mengine ninampa yeye na wenzake wajaze mpira wao, kwa maana mpira wa matambara uliofungwa vizuri kwa kamba hudumu kuliko wa makaratasi, na wakichezea uwanja ulio mbele ya kibaraza changu ninawaona. Hilo la kuwaona lina sababu yake. Wakati wa masika Mto Morogoro hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu kwenye milima ya Uluguru, hata kama mjini jua linawaka, na watoto wa umri huo wanapenda maji. Nimewaeleza wanangu waziwazi maji hayo yanatoka wapi na kwa nini hayatoi onyo, na nimegundua kwamba maelezo yenye sababu wanayashika, wakati vitisho vya mamba na majini nilivyokuwa nikivitumia viliwafanya waende kuhakikisha.

Masomo nayo niliyahamishia kwenye miguu. Mwaka huu yuko darasa la nne, ambalo lina upimaji wa kitaifa, na kila nilipomketisha kwenye kiti cha plastiki na daftari, baada ya muda mfupi alikuwa ameshalala juu yake au ameshatoka. Jioni moja nilikuwa nakata kitambaa, naye akasimama upande wa pili wa meza akinishikia upande wa pili wa kitambaa, nikaanza kumuuliza jedwali la kuzidisha: mashati manane, kila moja vifungo saba, ni vifungo vingapi? Alijibu akiwa amesimama, akihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na hakukosea. Tangu hapo meza ya kukatia ndiyo meza yake ya kusomea. Anasoma kwa sauti akiwa wima, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, na anaandika akiwa ameinama. Mwandiko wake haujawa mzuri, lakini kazi anaimaliza, na saa 2:30 usiku wote watatu wako kitandani, kwa sababu mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi na kwetu kuamka ni saa 12 kasoro robo.

Kitindamimba nitamtaja kwa ufupi. Ana miaka 7, ameanza darasa la kwanza, na mwezi Februari kola ya shati lake ilianza kurudi imetafunwa upande mmoja mpaka nyuzi zikatoka. Mtoto hatafuni kola akiwa anacheza. Nilimfuata asubuhi kwa mbali, nikamwona kaka yake akivuka barabara kubwa kwa kukimbia na kumwacha mdogo wake amesimama peke yake ukingoni mwa lami, kola mdomoni, akisubiri mtu mzima yeyote avuke naye. Sikumgombeza yule kaka. Nilimkabidhi kazi: amshike mwenzake mkono wakiwa bado mbali na lami, wavuke wakitembea, na wakifika upande wa pili ndipo akimbie atakavyo. Mtoto mwenye nguvu nyingi akipewa jukumu lenye mwanzo na mwisho hulitimiza kwa moyo. Kola zikapona.

Ya binti yangu yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa nguo zake hazikuchanika.

Ana miaka 12, yuko darasa la sita. Tangu darasa la pili alikuwa mchezaji wa rede na mruka kamba, na sketi yake ilikuwa ikirudi na vumbi jekundu mpaka kiunoni, marinda yamefumuka, pindo limening'inia. Baada ya likizo ya Juni mwaka huu, sketi zikaanza kurudi safi. Nilifurahi. Sabuni ilipungua, mama jirani akamsifu kwamba sasa amekuwa msichana mkubwa, ametulia, nami nikazipokea sifa hizo kama malipo ya malezi yangu. Zaidi ya mwezi ulipita hivyo. Kilichonizindua ni sweta. Morogoro ina joto, na hakuna mtoto anayevaa sweta saa 6 mchana, lakini mikono ya sweta lake ilikuwa imerefuka na kulegea kama kamba, dalili ya kufungwa kiunoni kila siku kwa fundo lililokazwa. Halafu nikatazama sketi: safi, lakini imekunjamana nyuma kama ya mtu aliyeketi tangu asubuhi mpaka jioni bila kuinuka.

Nilichukua futi nikampima. Pindo la inchi tatu nililoliacha lilikuwa limeshashushwa lote, na bado sketi ilikuwa juu ya magoti. Wasichana hurefuka kwa kasi kabla ya wavulana, wengi wao kati ya miaka 10 na 12, na katika kipindi hicho wanaweza kuongeza hata sentimita 8 kwa mwaka, wakati kaka zao hufuata kama miaka miwili baadaye. Nilikuwa nimeshona kwa hesabu ya mtoto, naye ameshaondoka kwenye hesabu hiyo.

Lakini urefu haukuwa jambo lote. Mwezi Juni, akiwa kwa bibi yake Mgeta, alivunja ungo. Kwa desturi yetu Waluguru, si mama mzazi anayemfunda binti. Ni kazi ya bibi, shangazi au somo, na mimi mwenyewe katika umri huo niliwekwa ndani, nikafundwa, na mama yangu hakunitamkia neno. Mama yangu huyo huyo sasa ndiye bibi, alimfunda mjukuu wake kwa upendo na kwa utaratibu, akamwambia kwamba mwili wa msichana mkubwa hutunzwa. Ninaiheshimu desturi hiyo, na mengi ya heshima niliyo nayo yametokana nayo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba, bibi akishamaliza, mimi sina la kuongeza.

Nilimsubiri tukiwa wawili tu, tunapiga pasi sare za wateja, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka kwa urahisi. Sikumuuliza habari za mwili wake, nilimuuliza habari za sweta. Alinyamaza kwa mashati mawili, kisha akasema kwamba msichana mmoja wa darasa la saba alichafuka sketi wakati wa mapumziko, wavulana wakacheka, na tangu siku ile wasichana kadhaa hawachezi tena, wanaketi kwenye kivuli cha ukuta mpaka kengele igongwe. "Nikikimbia sketi inapanda, mama. Na siku zile naogopa kila dakika." Hakuna mtu aliyemkataza kucheza. Alikuwa amejikataza mwenyewe, nami nilikuwa nimemsifu.

Usiku ule nilishona. Nilimkatia sketi mpya yenye pindo la inchi tano na marinda yenye nafasi ya kutosha kwa hatua ndefu. Nilimshonea bukta tatu za pamba nyeusi za kuvaa ndani ya sketi, zikiwa na tabaka la ziada katikati. Nilimtengenezea taulo za kike za kitambaa: juu pamba laini, katikati tabaka za taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa mawili ya kufunga kwa kifungo, nikamwonyesha jinsi ya kuziloweka kwenye maji baridi kabla ya sabuni na kuzianika kwenye jua kali badala ya kuzificha chini ya godoro, kwa kuwa zikifichwa zikiwa na unyevu huleta magonjwa. Nilimshonea na mfuko mdogo wa zipu wa kuweka kwenye begi. Katika kumwonyesha hayo yote nilijikuta ninamweleza yale ambayo mama yangu hakunieleza, bila mmoja wetu kuona haya, kwa sababu tulikuwa tunazungumzia kitambaa.

Alipovaa, wenzake wakaona. Wiki iliyofuata walikuja wasichana wanne, mmoja akiwa na mama yake, na nimewashonea bukta kutoka kwenye mabaki kwa bei ya uzi. Pia nilikwenda kuzungumza na mwalimu wa malezi, ambaye alinisikiliza na kuniomba nimletee sketi moja ya akiba ya kuhifadhi ofisini kwa ajili ya msichana atakayepatwa. Nimempelekea mbili.

Alhamisi iliyopita, saa 9 na nusu, binti yangu aliingia kibarazani akihema, sweta limo ndani ya begi, tope jekundu limemrukia mpaka mgongoni, na rinda la upande wa kushoto limefumuka kutoka kwenye mkanda na kuning'inia. Aliniamkia, akasimama mbele ya cherehani, akaishika sketi mahali palipofumuka akisubiri nitakachosema. Nilizima redio. Nikamwambia avute kigoda, kisha nikamwomba anisimulie mchezo wenyewe tangu mwanzo, na anionyeshe mpasuko ulianzia wapi.